Kuokoa kanda za vichekesho vya redio zilizorekodiwa nyumbani: mwongozo kwa familia za Mtwara na Lindi

Kanda ya kwanza niliyoishughulikia ilikuwa ya dakika 60, na karatasi yake ilikuwa imeandikwa kwa wino wa buluu, "Pwagu, usifute." Chini ya maneno hayo, kwa mwandiko wa mtu mwingine, paliandikwa "Mawaidha." Ilikuwa ndani ya boksi la sabuni chini ya kitanda cha marehemu baba mdogo, huko Mikindani, pamoja na kanda nyingine 39. Nilipoisikiliza yote, mawaidha yalikoma kabla utepe haujaisha, na katika dakika nne za mwisho za upande wa pili akasikika Pwagu, yule wa vichekesho vya redio, akibishana na mwenziwe, na karibu zaidi na kipaza sauti akasikika bibi yangu akicheka, kisha akauliza kwa Kimakonde, "Amesema nini huyo?" Bibi alifariki zamani, na hakuna mtu katika familia yetu aliyejua kwamba sauti yake imebaki mahali popote.

Kwa hiyo mwongozo huu una msimamo mmoja ambao utauona katika kila hatua. Kanda ya nyumbani imebeba vitu viwili kwa pamoja, yaani kipindi chenyewe na watu waliokuwa wakikisikiliza, na anayeihifadhi hana haki ya kuokoa kimoja na kukitupa kingine.

Wasomaji wa umri wangu hawahitaji kuelezwa Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa nini. Wadogo zetu watosheke kujua kwamba kwa miaka mingi hiyo ndiyo redio ambayo nchi nzima iliisikiliza kwa pamoja, na kwamba vichekesho vyake, kama vile Mahoka na Pwagu na Pwaguzi, ambacho jina lake limetokana na methali isemayo pwagu hupata pwaguzi, vilikusanya watu barazani kuizunguka redio moja. Maktaba ya redio hiyo leo iko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Hata hivyo, vituo vya redio duniani kote vilikuwa na desturi ya kufuta kanda na kuzitumia tena, kwa sababu kanda zilikuwa ghali na hakuna aliyedhani kwamba kichekesho cha wiki iliyopita kitatafutwa baada ya miaka hamsini. Uingereza yenyewe ilipoteza vingi kwa njia hiyo. Kipindi cha BBC kiitwacho Hancock's Half Hour kilirushwa redioni kuanzia mwaka 1954 hadi 1959, na baadhi ya sehemu zake ambazo shirika halikubaki nazo zilipatikana baadaye kwa wasikilizaji waliozirekodi majumbani mwao. Boksi la sabuni la Mikindani, au la Nanyamba, au la Mtama, linaweza kuwa na thamani ya aina hiyo hiyo.

Kwanza chagua msimu. Huku kwetu adui mkubwa wa kanda ni unyevu, na kazi ya kufungua maboksi haifai kufanywa wakati wa kifuku, ambapo hata shati lililoning'inizwa chumbani huota koga. Subiri upepo wa kusi, kati ya Juni na Septemba, hewa inapokuwa kavu kidogo. Toa kanda zote, zipange mezani katika chumba chenye hewa lakini kisichopigwa na jua, na uzikague moja baada ya nyingine. Kanda yenye koga utaitambua kwa utando mweupe au wa kijivu kwenye ukingo wa utepe, ukiutazama kupitia kidirisha cha kava. Hiyo itenge mara moja katika mfuko wake, usiiweke kwenye mashine, kwa kuwa vumbi la koga huhamia kwenye hedi, yaani kile kichwa cha mashine kinachosoma sauti kwenye utepe, na kutoka hapo huingia katika kila kanda itakayofuata. Ikikauka vizuri kwa siku kadhaa, utando huo unaweza kufutwa taratibu nje ya nyumba kwa kitambaa laini kikavu, huku umefunika pua na mdomo, maana koga hiyo si nzuri kwa mapafu.

Kabla ya jambo lingine lolote, vunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti. Vikishavunjwa, mashine haiwezi tena kurekodi juu ya kanda hiyo hata mtu akibonyeza kitufe kwa bahati mbaya. Nimeona kanda ambazo zimevuka miaka thelathini ya joto, panya na kuhamahama zikifutwa na mtoto aliyekuwa akichezea vitufe.

Kisha uzungushe utepe kwa mkono. Hapa nina jambo la kuungama. Kanda ya pili katika boksi lile niliitia kwenye mashine na kuirudisha nyuma kwa kasi bila kuijaribu kwanza. Utepe ulikuwa umegandana baada ya kukaa miaka mingi bila kuguswa, ukakatika pale ambapo kipande cha mwanzo kisichorekodiwa kinaungana na utepe wenyewe. Tangu hapo, kila kanda naizungusha kwanza kwa penseli yenye pembe sita, taratibu, mwanzo hadi mwisho na kurudi, nikisikiliza kama kuna mahali panapokwama. Utepe ukikatika, uunganishe kwa gundi-tepu iliyotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo, wala usitumie selotepu ya dukani, kwa sababu gundi yake huyeyuka katika joto letu, ikatoka pembeni na kuunganisha mizunguko ya utepe. Kile kijisponji kidogo kinachousukuma utepe kwenye hedi nacho huanguka mara nyingi, na dalili yake ni sauti hafifu inayokuja na kupotea. Dawa yake ni kuuhamishia utepe katika kava jipya lililofungwa kwa skrubu, kazi inayohitaji meza safi, mwanga mzuri na subira.

Uangalie pia urefu ulioandikwa kwenye kava. Kanda za dakika 60 zina utepe mnene zaidi na huvumilia. Za dakika 90 ni nyembamba zaidi. Zile za dakika 120, ambazo wengi walizipenda kwa sababu ziliingiza vipindi vingi kwa bei ya kanda moja, zina utepe mwembamba mno unaonyooka na kujiviringisha kwenye rola, na hizo zichezeshe mara moja tu, ya kuhamisha sauti, bila kuzirudisharudisha.

Kuhusu mashine, usikubali kile kikaseti kidogo cha plastiki kinachouzwa kwa ahadi ya kugeuza kanda kuwa faili. Mwendo wake huyumba, na sauti ikishayumba hakuna programu itakayoirudisha sawasawa. Tafuta deki ya zamani iliyo imara, umpe fundi redio abadilishe mikanda ya mpira na kuitia mafuta, na malipo hayo hutayajutia. Safisha hedi na mhimili wa chuma kwa pamba iliyochovywa katika spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Rola ya mpira isafishe kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha iache ikauke. Rudia usafi huu kila baada ya kanda chache, na baada ya kila kanda inayoacha unga wa kahawia.

Sasa lipo jambo ambalo wengi hulipita, nalo ndilo linaloleta tofauti kubwa kuliko mashine ya gharama. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo inayoinamisha hedi kushoto au kulia. Kila redio kaseti iliyorekodi kanda hizi ilikuwa na mwinamo wake, na mashine yako ina wa kwake, na pale ambapo miinamo hiyo haikubaliani, sauti hufifia kama ya mtu anayesema akiwa amefunika mdomo kwa kanga. Chezesha sehemu yenye maneno, zigeuze njia mbili za sauti ziwe moja, kisha zungusha skrubu hiyo kwa bisibisi ndogo, robo ya mzunguko au chini ya hapo, huku ukisikiliza herufi za "s" na "sh". Utafika mahali ambapo "s" inang'aa ghafla, na maneno ambayo hukuwa ukiyapata yakasikika. Acha hapo. Kanda inayofuata huenda ikahitaji mahali pengine, hivyo fanya hivyo kwa kila moja.

Sauti itoke kwenye deki kupitia tundu la laini (line out), si la kisikilizio cha masikioni, iingie kwenye kadi ya sauti ya nje inayochomekwa katika kompyuta. Usirekodi kwa kuweka simu mbele ya spika. Programu ya bure kama Audacity inatosha kabisa. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinapendekeza kilohezi 96 na biti 24, ambavyo ni vipimo vya ubora wa kurekodi unavyovichagua katika programu, na kiwango cha chini kabisa kinachokubali ni kilohezi 48 kwa biti 24. Kwa vipindi vilivyonaswa kutoka masafa ya kati, ambavyo tangu mwanzo havikuwa na sauti nyingi za juu, mimi hutumia 48, kwa sababu nafasi nayo ina gharama. Kwa kiwango hicho, saa moja ya njia mbili huchukua takribani gigabaiti 1, hivyo boksi la kanda 40 za saa moja linaingia katika flashi ya gigabaiti 64 na nafasi ikabaki. Faili ziwe za WAV. Usihifadhi nakala mama kwa MP3, kwa kuwa MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, na kilichotupwa hakirudi.

Kaza au legeza kiwango cha kuingilia ili vilele vya sauti vifike kati ya desibeli -12 na -6, na zima marekebisho yote ya kujiendesha ya kompyuta, hasa lile linalopandisha sauti penye ukimya na kuishusha penye kicheko. Ukisikia mvumo, chomoa chaja na uache kompyuta itumie betri yake. Jambo hilo linakuokoa pia umeme ukikatika, ingawa deki yenyewe itasimama na itabidi uanze upande ule upya. Chezesha kila upande hadi utepe uishe wenyewe, hata kama unasikia ukimya, hata kama unasikia mawaidha au taarabu. Yale ya zamani hubaki mwishoni, pale ambapo aliyerekodi juu yake hakufika.

Tatizo linaloziathiri sana kanda za kusini ni la betri. Nyumba nyingi hazikuwa na umeme, redio kaseti ilinunuliwa kwa fedha za msimu wa korosho, na betri zilibanwa hadi tone la mwisho. Betri zikichoka, mota huzunguka polepole, na utepe hupita mbele ya hedi kwa mwendo ulio chini ya sentimeta 4.76 kwa sekunde, ambao ndio mwendo wa kawaida wa kaseti. Leo ukichezesha kanda hiyo kwa mwendo kamili, mambo yote yanakwenda mbio, na sauti ya mzee inakuwa nyembamba kama ya mtoto. Mara nyingi kanda huanza sawa, kisha hupanda kidogo kidogo kuelekea mwisho, kadiri betri zilivyokuwa zikifa.

Kurekebisha kwa kukisia kwa sikio hakutoshi, kwa sababu wachekeshaji walibadilisha sauti zao makusudi, na wewe unaweza kumrudisha katika sauti ya kawaida mtu ambaye alikuwa akiigiza. Tafuta kipimo ndani ya kanda yenyewe. Kama aliyerekodi alihamia Idhaa ya Kiswahili ya BBC mwanzoni mwa saa, huenda alinasa vile vipyenga sita vya saa za Greenwich, yaani milio mifupi ya kutangaza saa, na hivyo vina mlio wa hezi 1,000 na hufuatana kwa sekunde moja moja. Audacity inaweza kukuchorea wigo wa masafa ya kipande hicho. Ukikuta kilele kiko kwenye hezi 1,080, kanda inakwenda kasi kwa asilimia 8, na unapaswa kupunguza mwendo hadi asilimia 92.6 ya ulivyo sasa, kwa amri inayobadilisha mwendo na kimo cha sauti pamoja. Kanda iliyorekodiwa kwenye umeme nayo wakati mwingine ina mvumo hafifu, na mvumo huo ulikuwa hezi 50 au mara mbili yake, kwa kuwa ndivyo umeme wetu ulivyo. Marekebisho haya yote yafanyike kwenye nakala ya pili, na uandike ulibadilisha kwa kiasi gani na kwa sababu gani.

Nakala mama isiguswe. Programu za kusafisha sauti zinavutia, na ukishaonja kuondoa mchakacho utatamani kuondoa kila kitu. Lakini kompyuta haijui tofauti kati ya kelele na ushahidi. Wengi walirekodi kwa kuweka kipaza sauti mbele ya redio nyingine, ndiyo maana kuku wanasikika, na mchi kwenye kinu, na mtu anayepita akisema hodi. Katika kanda zetu mbili kuna Kireno kinachoingia na kutoka nyuma ya vichekesho, kutoka ng'ambo ya Ruvuma, kwani usiku masafa ya kati husafiri mbali, na Kireno hicho kinakuambia kwamba kipindi kilisikilizwa giza limeshaingia. Ukitaka nakala safi ya kusikilizia, itengeneze pembeni, na hata hiyo isafishe kwa kiasi. Kicheko cha nyumbani kina kazi nyingine pia, kwa sababu kinaonyesha ni utani gani uliowafikia watu wa huku, na upi uliopita bila mtu kutikisika.

Kanda za rili, yaani zile za magurudumu wazi yasiyo na kava la kaseti, kama familia yako inazo, zina masharti tofauti. Ukinusa harufu ya siki, msingi wa utepe unaoza, na hiyo itengwe na nyingine, kisha ihamishwe mapema iwezekanavyo. Ukiona utepe unanata na kulia kwenye hedi, simamisha mashine papo hapo na utafute mtaalamu.

Baada ya sauti, maandishi. Kila upande upewe namba, kwa mfano MIK-007-A na MIK-007-B, na namba hiyo hiyo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ya kaseti. Katika faili la maandishi nakili kila kilichoandikwa kwenye kava kama kilivyo, pamoja na makosa ya herufi, kisha eleza dakika kwa dakika kinachosikika. Tarehe mara nyingi haipo, lakini kanda huwa inajisema. Taarifa ya habari iliyonaswa kabla ya kichekesho ikimtaja Rais Nyerere, uko kabla ya Novemba 1985, ikimtaja Mwinyi kuwa Rais wa Tanzania, uko kati ya hapo na Novemba 1995, na ikimtaja Rais Mkapa, uko kati ya 1995 na 2005. Andika "kati ya" pale ambapo hujui zaidi, wala usibuni mwaka.

Halafu kaa na wazee. Nilimpelekea jirani yetu mmoja kipande ambacho nilikuwa nimekiandikia "mchakacho mzito, sababu haijulikani." Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, akasikiliza sekunde chache tu, akasema, "Mwanangu, huo si mchakacho. Ni mvua kwenye bati. Hii ilirekodiwa kifuku, na nyumba hii baba yako mdogo aliiezeka bati mwaka ule ule." Mazungumzo ya namna hiyo yarekodi pia, kwa ruhusa ya mzee, na uyaweke pamoja na kanda inayohusika.

Zitengeneze nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae mbali. Neno mbali lichukuliwe kwa uzito. Aprili 2019 wakazi wa Mtwara walitahadharishwa kuhusu Kimbunga Kenneth, ambacho hatimaye kilipiga Cabo Delgado, na Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Nakala mbili zilizo katika mtaa mmoja wa Shangani ni kama nakala moja. Mpe shangazi aliye Newala, au kaka aliye Masasi, diski yenye kila kitu, na umweleze kilichomo. Kwa kila faili tengeneza pia alama ya hakiki, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu ambao programu ndogo huukokotoa kutokana na faili zima. Faili likiharibika hata mahali pamoja, mfuatano huo hubadilika, na wewe utajua nakala ipi ya kuamini.

Kanda zenyewe usizitupe baada ya kuzihamisha. Zirudishe nyuma hadi mwanzo, zisimamishe wima katika ndoo au boksi la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vifuko vya silika jeli vya kunyonya unyevu, mbali na spika, mbali na sakafu ya saruji na mbali na dari la bati. Vifuko hivyo vibadilishwe kila kifuku kinapoanza.

Kuhusu kuzisambaza, kumiliki kaseti si kumiliki kipindi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda waandishi, waigizaji na kituo kilichorusha matangazo. Nakala ya kuhifadhi nyumbani ni jambo moja, na kuipandisha kwenye intaneti ni jambo jingine, hivyo kabla ya hatua hiyo waandikie TBC na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA. Ukiwaandikia TBC, waambie pia una nini, orodha ya kanda, tarehe za kukisia na urefu wa kila kipande, kwa kuwa huenda unacho ambacho maktaba yao haina. Na kabla ya kumpa mtu yeyote wa nje sauti ya barazani kwenu, kaeni kama familia muisikilize pamoja. Sisi tulikaa Idi Pili, watu kumi na mmoja, tukasikiliza zile dakika nne mara tatu, na mara ya tatu shangazi yangu akamjibu bibi kwa Kimakonde kile ambacho Pwagu alikuwa amesema.